Kila Juma amtafute wajina wake: naomba tuwe na Siku ya Kina Juma

Mleta uzi:

Wakuu, habari za jioni. Hoja hii nimekaa nayo tangu mwaka jana, leo nimeamua kuileta.

Naitwa Juma. Nimezaliwa Tanga, nimekulia Ngamiani, na darasani kwetu shule ya msingi tulikuwa kina Juma wanne. Mwalimu akiita "Juma!" tunasimama wote. Ikabidi tugawiwe: Juma Mkubwa, Juma Mdogo, Juma wa Makorora, na mimi nikawa Juma Miwa kwa sababu bibi yangu aliuza miwa karibu na geti la shule. Mpaka leo nikishuka stendi Tanga hakosi mtu wa kuniita Miwa, na nikisikia hivyo najua nimefika nyumbani.

Sasa naomba tuwe na Siku ya Kina Juma. Siombi Serikali ituandike kwenye kalenda pamoja na Saba Saba na Nane Nane, wala siombi mtu apewe ruhusa kazini. Naomba siku moja kwa mwaka ambayo kila Juma anamtafuta Juma mwenzake, wanakaa jamvi moja, wanakula, na kila mmoja anasimulia jina lake lilitoka wapi. Basi.

Wazo lilinijia niliposoma habari za kina Josh wa Marekani. Aprili 2020 kijana mmoja, Josh Swain, aliwatumia watu wenye jina lake hilohilo ujumbe Facebook, akawaambia wakutane mwaka mmoja baadaye wapigane, mshindi abaki na jina. Ulikuwa utani. Lakini tarehe 24 Aprili 2021 watu walifika kweli, mamia kwa mamia, mjini Lincoln, jimbo la Nebraska, wakapigana kwa yale maboya marefu ya sponji ambayo watoto huyatumia kuogelea. Aliyevishwa taji ni mtoto wa miaka minne! Wakachangia hospitali ya watoto, wakaleta na vyakula vya kuwapa wahitaji. Nilicheka, halafu nikanyamaza, nikajiuliza: hawa jina limewakutanisha kwa utani, sisi ambao jina kwetu ni udugu tumefanya nini?

Maana kwetu ukimpa mtoto jina la mtu, umefunga undugu. Mimi sikuzaliwa Ijumaa. Nilizaliwa Jumanne. Jina nimepewa la rafiki wa babu, Mzee Juma, fundi baiskeli. Huyo ndiye wajina wangu. Kila Idi alileta kitambaa cha kanzu, hata mwaka ambao kazi ilikuwa pancha mbili kwa siku. Nilipofaulu kwenda sekondari alininunulia sanduku la bati, akaandika kwa rangi nyeupe juu ya kifuniko: JUMA. Akaniambia, "Hili ni langu na lako." Alikuwa haniiti Juma hata siku moja. Ananiita "wajina", na mimi namwita "wajina", mtoto wa miaka sita na mzee wa miaka sitini.

Nilipopata kazi nikahamia Mwanza. Zamu ya kupeleka kitambaa ikawa yangu. Nikawa nasema mwaka huu mambo magumu, mwakani. Mwaka juzi nikapigiwa simu kwamba wajina amezikwa juzi yake. Sikuwa hata na namba yake kwenye simu. Ndiyo maana nimeandika uzi huu, na ndiyo maana siuchukulii kama mchezo ingawa nataka siku yenyewe iwe ya kucheka.

Halafu tazameni jina lenyewe. Watu wanaliona jina la vitabu vya hesabu, Juma ana machungwa matano, akampa Asha mawili. Lakini wiki nzima tunaipanga kwa jina hili. Jumamosi, juma mosi. Jumapili, juma pili. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Kisha Ijumaa yenyewe. Siku sita kati ya saba zimebeba juma ndani yake, na wiki yenyewe tunaiita juma!

Na walioitwa hivyo hawakukaa kimya. Juma Kaseja langoni. Mwanamuziki Juma Nature na Temeke yake. Lakini mimi nikitaka kumweleza mtoto Juma ni nani, namsimulia mkimbiaji wetu wa marathoni, Juma Ikangaa. Boston mwaka 1988 alikimbia kilomita 42 akashindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja. Sekunde moja! Mwaka 1989 akarudi Boston, akawa wa pili. Mwaka 1990 akarudi tena, wa pili tena. Katikati ya hapo, Novemba 1989, akaenda New York akashinda kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, rekodi ya njia ile, na haikuvunjwa hadi 2001. Mtu aliyekuwa wa pili mara tatu mji mmoja na bado akarudi, huyo ni wajina wa kujivunia.

Naomba maoni kuhusu tarehe, mahali, na nani aingie. Nawasilisha.

Binti Makorora:

Kaka Miwa, pole sana na msiba wa wajina wako. Hoja naiunga mkono, ila umeandika mstari hadi mstari na sijaona kina Mwanajuma. Mimi ni Mwanajuma, nimezaliwa Ijumaa kweli, saa nne asubuhi, na bibi aliyenipokea naye alikuwa Mwanajuma. Pwani "mwana" si kitoto, ni heshima ya mwanamke. Kwa hiyo mkisema Siku ya Kina Juma, na sisi tuwe tumekaa kwenye jamvi. Tusije tukaachwa jikoni tunapika pilau la siku ya wengine.

Mleta uzi:

Dada Mwanajuma, umenikosoa na ni haki. Mko ndani tangu sasa. Na pilau siku hiyo tupike sisi wanaume. Nasema kweli, mimi mchele wa kilo kumi nauweza.

Mpita Njia wa Chalinze:

Naunga mkono. Kaka yangu ni Juma, nitamleta.

Alhamisi Usiku:

Wakuu, mimi nina kesi na naomba jukwaa lihukumu. Nilizaliwa saa mbili usiku. Kadi ya kliniki imeandikwa Alhamisi. Baba akataka niitwe Hamisi. Bibi mzaa baba akakataa katakata, akasema huyu amezaliwa usiku wa Ijumaa, huyu ni Juma, na mwanangu kama hujui siku zinavyohesabiwa uliza. Wakavutana hadi siku ya saba. Matokeo yake, cheti cha kuzaliwa kinasema Hamisi, na ukoo mzima unaniita Juma. Nimeoa kwa jina la Hamisi, na harusini mashangazi wameimba Juma. Je, mimi naingia?

Mwalimu Mstaafu:

Mwanangu Alhamisi Usiku, bibi yako alikuwa sahihi kabisa, na furahi kuwa na bibi wa namna hiyo.

Kwa hesabu ya Kiislamu na ya Waswahili wa zamani, siku huanza jua linapozama. Magharibi ya Alhamisi ikiingia, Alhamisi imekwisha, tumeingia usiku wa Ijumaa. Ndiyo maana mwezi ukiandama jioni, tarawehe huswaliwa usiku huohuo, hatusubiri kesho. Saa yetu nayo inakwenda hivyo: jua likizama tunaanza moja, mbili, tatu. Wewe ulizaliwa saa ya pili ya Ijumaa. Aliyeandika kadi ya kliniki alianza siku yake saa sita usiku, kwa kalenda ya ofisi. Bibi alihesabu kwa jua. Hakuna aliyesema uongo, ila kwa jina la Juma hesabu ya kufuata ni ya bibi.

Niongeze kidogo kuhusu shina, kwa kuwa mleta uzi amenigusa. Ijumaa imetoka kwenye Kiarabu, na maana yake inahusu kukusanyika, kwa sababu watu hukusanyika msikitini adhuhuri. Shina hilohilo limetupa jamaa, jamii, jumuika, jumuiya. Ndani ya Ujamaa wa Azimio la Arusha la 1967 kuna shina la Juma. Na Jumuiya ya Afrika Mashariki, kuanzia 2006 hadi 2011, katibu mkuu wake aliitwa Juma, balozi Juma Mwapachu. Mimi nilipokuwa nikifundisha nilipenda sana kuwaonyesha wanafunzi jambo hilo.

Ila msiingize kila kitu. Jumla ni shina jingine. Jamhuri nayo ni nyingine. Yanafanana kwa sauti tu.

Wenzetu wa Afrika Magharibi nao wanayo desturi hii. Wahausa humwita mvulana wa Ijumaa Danjuma. Waakani wa Ghana humwita Kofi. Kofi Annan alizaliwa Ijumaa, tarehe 8 Aprili 1938. Angezaliwa Pangani tungemwita Juma.

Alhamisi Usiku:

Mwalimu, shikamoo. Nimemsomea bibi kwa simu. Amesema, "Si nilisema?" kisha akataka kujua wewe ni wa ukoo gani.

Hamisi wa Kisosora:

Nimesoma uzi wote kwa makini, maana mmezitaja siku sita, mkairuka yetu. Alhamisi ndiyo siku pekee isiyo na juma ndani yake, na ina mwenyewe, naye ni Hamisi. Kuna jambo nataka mlione. Alhamisi kwa Kiarabu ni siku ya tano, ukianza kuhesabu Jumapili. Jumatano nayo ni ya tano, ukianza kuhesabu Jumamosi kama Waswahili. Kwa hiyo wiki yetu ina siku mbili za tano zimekaa bega kwa bega, moja ya Kibantu, moja ya Kiarabu, na hakuna aliyeona haja ya kuchagua. Mimi hilo linanifurahisha kila wiki.

Sina wivu na siku yenu. Naomba tu kina Hamisi na kina Mwanahamisi tupewe jioni ya kuamkia siku hiyo, tuwe ndio tunaowapokea. Mwalimu amesema mwenyewe: jua likizama Alhamisi, ni yenu. Sisi tutakaa hadi Magharibi, tunawakabidhi.

Mleta uzi:

Kaka Hamisi, hili nimelipenda kupita yote. Nimelikubali bila kura. Alhamisi alasiri kahawa na kashata ni za kina Hamisi, adhana ikilia mnatukabidhi.

Jumanne wa Singida:

Na sisi kina Jumanne? Jina letu limeanza na Juma.

Mleta uzi:

Ndugu, mimi mwenyewe ni Juma niliyezaliwa Jumanne, nitakufungiaje mlango?

Abu Ramla:

Assalaam alaykum. Ndugu yangu mleta uzi, nakusihi kwa mapenzi. Sisi Waislamu sikukuu zetu ni Idi mbili. Ijumaa yenyewe ina hadhi yake, tusije tukazua ibada isiyokuwepo. Kukutana ni jambo jema, kuunga undugu tumeamrishwa. Lakini tuchunge jina na tuchunge namna.

Mleta uzi:

Wa alaykum salaam. Shukrani kwa kunikumbusha kwa upole. Nakuhakikishia hakuna ibada mpya hapa. Ni mkutano, kama watu wanavyokutana waliosoma shule moja. Neno sikukuu sitalitumia, tutasema Siku. Adhuhuri kila mtu anayeswali anakwenda msikitini kwake kama Ijumaa nyingine, tunakutana baada ya Alasiri, saa kumi na nusu.

Abu Ramla:

Kwa namna hiyo sina neno. Na mimi nina shemeji Juma, hatujaonana tangu arusi.

Mzawa wa Tabora:

Naomba niseme jambo kwa upande wa bara. Mimi ni Mkatoliki, nimebatizwa Petro, lakini nyumbani ni Juma, jina la baba wa babu yangu. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji, na majina ya pwani yalifika kwetu kwa miguu pamoja na mizigo. Kina Juma wa kwetu wako wanaokwenda msikitini na wako wanaokwenda kanisani, na kwenye msiba wanakaa mkeka mmoja. Siku hii ikiwa ya wote, Tabora tutaifanya. Hata kina Kulwa na Doto, wale pacha, wenye ndugu aitwaye Juma tunao wa kutosha.

Wa Kibokoni:

Salamu kutoka Mombasa. Huku twaandika Juma, wengine Jumaa, na upande wa magharibi mwa Kenya Juma wako wengi, wengine ni jina la ukoo. Profesa Calestous Juma, aliyetoka Budalangi akaenda kufundisha Harvard, alikuwa akilibeba. Swali langu ni la tahajia. Nimesoma kwamba rekodi ya Guinness ya watu wa jina moja wanayo kina Ivan, 2,325, waliokusanyika Kupres, Bosnia na Herzegovina, tarehe 30 Julai 2017. Mji wa Kyle, Texas, ulijaribu Mei 2023 wakafika kina Kyle 1,490, wakashindwa. Na huko walihesabiwa wale walioandikwa herufi zilezile tu. Sasa mkija kutuhesabu, sisi wa Jumaa mwatuweka wapi?

Mleta uzi:

Ndugu wa Mombasa, hapa umenipa ndoto nyingine kabisa. Kina Juma 2,326 uwanja wa Mkwakwani! Naamini Tanga peke yake tunawapata, hatujafika hata Muheza. Lakini nikichagua kati ya rekodi na ninyi wa Jumaa, nachagua ninyi. Mimi sitasimama mlangoni na karatasi kuangalia mtu ana herufi a ngapi. Kama siku moja rekodi itafuatwa, ifuatwe siku yake.

Wa Maskati:

Nipo Oman mwaka wa tisa. Huku Juma ni jina la kawaida kabisa, siku ya kwanza kazini nilikuta mwenyeji anaitwa Juma na dereva anaitwa Juma. Tulipofahamiana, yule mzee mwenyeji akaniuliza kwa Kiswahili safi cha Unguja, "Nawe ni wa Ijumaa?" Alikulia Zanzibar. Toka siku ile kila Ijumaa ananitumia ujumbe: wajina, umekula? Tuwekeni kwenye orodha, watu watatu.

Binti Makorora:

Tarehe jamani. Tumezungumza yote tumeacha tarehe.

Mleta uzi:

Pendekezo langu ni Ijumaa ya kwanza ya Juni. Shule zinakuwa zimefungwa au ziko mbioni kufungwa, watoto wanakwenda kwa babu na bibi, na huko ndiko kina Juma wazee waliko. Masika yamepungua, kusi inavuma, mtu anaweza kukaa uwanjani alasiri bila kuungua. Na Ramadhani imekwishaihama Juni. Kuanzia 2014 hadi 2019 ilikuwa inaigusa, lakini kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja, na hadi ije kuifikia tena Juni, watoto wanaozaliwa leo watakuwa na watoto wao.

Mpita Njia wa Chalinze:

Mwaka 2026 Ijumaa hiyo ni tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani. Kila Juma apande mti.

Binti Makorora:

Mwembe. Na uandikwe jina la wajina aliyetangulia. Kaka Miwa, wa kwanza uupande kwa jina la Mzee wako, pale alipokuwa akitengeneza baiskeli, kama wenye kiwanja watakubali.

Mleta uzi:

Dada, umenitoa machozi na niko kwenye daladala. Wenye kiwanja ni wajukuu zake. Leo asubuhi nimempigia mkubwa wao, namba nimeipata kwa Juma wa Makorora. Amekubali. Ameniambia pia kitu ambacho sikukijua. Mzee aliacha kitambaa cha kanzu kwenye kabati, kimefungwa gazeti, ndugu wakadhani ni cha mteja. Juu yake kuna kipande cha karatasi kimeandikwa "wajina, Mwanza".

Alhamisi Usiku:

Inna lillahi. Kaka, kishone kivaliwe siku hiyo.

Fundi Cherehani:

Mimi ni fundi, nipo Chumbageni. Sijaitwa Juma wala ndugu yangu hajaitwa Juma. Kilete, nitakushonea bure.

Hamisi wa Kisosora:

Sufuria kubwa la msikitini kwetu naweza kuliomba, ni la kilo thelathini. Kahawa na kashata zangu. Majamvi ninayo mawili. Nani ana la tatu?